Ukiketi Kwenye Bodi ya Shule kwa Niaba ya Wenzako

Nchini Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi kiti katika Bodi ya Usimamizi ya shule ya umma, pamoja na wazazi, mwakilishi wa walimu na wafadhili, ambao mara nyingi huwa kanisa. Mwalimu mkuu ndiye katibu. Ukiingia humo mikono mitupu, utaketi pembeni hadi maombi ya kufunga mkutano. Kwa hiyo kazi yako inaanza wiki kadhaa kabla.

Zungukia madarasa na mabweni yote. Wanafunzi wageni waulize peke yao, wakubwa wao wasiwepo, maana mbele ya kiranja wa bweni hakuna mgeni atakayesema kwamba godoro lake limechukuliwa. Ukisha kuyakusanya malalamiko yao, chagua jambo moja, mawili yakizidi. Orodha ya malalamiko kumi na tano huishia kwa “tumesikia”.

Sasa lipime. Tuseme ni msongamano bwenini. Tafuta utepe wa kupimia, mwombe mwalimu mlezi wa baraza aandamane nawe, mpime kitanda hadi kitanda na mwandike. Mwongozo wa usalama shuleni wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2008 unataka nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya vitanda na njia isiyopungua mita 2. Milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Masharti haya yana uzito wake: katika shule ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001, wavulana 67 waliteketea bwenini, mlango mmoja umefungwa na madirisha yana vyuma. “Tunabanana” ni neno ambalo mjumbe anaweza kulipuuza. “Katika bweni hili nafasi ni sentimita 40, na mlango wa nyuma una kufuli usiku” linamlazimu kujibu, kwa sababu Sheria ya Elimu ya Msingi inaiagiza bodi ihakikishe usalama wa wanafunzi.

Yaandike kwenye ukurasa mmoja: tatizo, vipimo, ombi, gharama. Kisha mpelekee mwalimu mkuu kabla ajenda haijatoka. Usimvizie mkutanoni. Akishangazwa mbele ya wajumbe atajitetea, na ombi lako litakwama hapo.

Kuhusu gharama, jua fedha zinatoka wapi. Katika shule za bweni, serikali hulipia masomo; chakula na malazi hutoka kwenye karo ya wazazi. Ukiomba maharagwe yaongezwe, unagusa mfuko wa mzazi, basi zungumza mapema na wawakilishi wa wazazi. Muulize mhasibu wa shule bei. Yako pia maombi yasiyohitaji hata shilingi: kuondoa kufuli, kubadilisha saa za zamu ya maji, kufungua maktaba Jumamosi. Kwa mwakilishi mgeni ningeshauri aanze na hayo, kwa kuwa bodi ikishakubali ombi moja, la pili husikilizwa kwa makini zaidi.

Zamu yako ikifika, zungumza kupitia kwa mwenyekiti, kwa dakika mbili tatu, kisha nyamaza waulize. Wakikubali, omba kwa heshima kumbukumbu zionyeshe nani atatekeleza na kufikia tarehe gani. Wakikataa, omba sababu iandikwe pia.

Warudie wenzako siku hiyo hiyo au kesho yake, kwenye gwaride au kupitia wawakilishi wa madarasa. Waeleze lililopita na lililokataliwa, bila kutaja mjumbe gani alisema nini. Kesi za nidhamu za mwanafunzi fulani usizitoe nje kabisa, hata kwa rafiki wa kufa na kuzikana.

Karatasi zote ziweke kwenye faili, na kabla hujazama katika maandalizi ya mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, keti na atakayekurithi mpitie moja moja: lililotekelezwa, lililoahidiwa na tarehe yake, na mjumbe wa kumwendea kwanza kwa kila jambo.