PROSESA YA KOMPYUTA MPAKATO: KUILINGANISHA NA KUIONGEZEA UFANISI

Mwalimu mmoja wa fizikia alinieleza kwamba kompyuta mpakato kumi za shule yake hufanya kazi vizuri asubuhi, lakini ifikapo saa nane mchana huwa nzito. Kamati ya shule ilikusudia kuziuza na kununua nyingine zenye gigahezi nyingi zaidi. Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi?

Prosesa ni sehemu ya kompyuta inayotekeleza amri za programu kwa kufuata mapigo ya saa yake. Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300 hivi na mapigo yapatayo 740,000 kwa sekunde. Prosesa za leo zina mabilioni ya transista, na mapigo yao huhesabiwa kwa gigahezi, yaani mapigo bilioni moja kwa sekunde.

Kulinganisha

Gigahezi peke yake hazitoshi kuwa kipimo. Muda wa kumaliza kazi hupatikana hivi:

Muda = (idadi ya amri × mapigo kwa kila amri) ÷ mapigo kwa sekunde

Tuchukue kazi yenye amri bilioni 12. Prosesa A ina gigahezi 3.0 na hutumia wastani wa mapigo 1.5 kwa kila amri; itamaliza kwa sekunde 6. Prosesa B ina gigahezi 2.4 tu, lakini hutumia pigo 1 kwa kila amri. Itamaliza kwa sekunde 5. Anayetazama gigahezi tu atanunua ile iliyo dhaifu.

Joto

Nguvu inayotumiwa na transista zinapobadili hali hulingana na C × V² × f, ambapo C ni kapasitansi, V ni volteji na f ni mapigo kwa sekunde. Tukiongeza f kwa asilimia 10, na V nayo ikalazimika kupanda kwa asilimia 10, nguvu itakuwa 1.1 × 1.1 × 1.1, yaani itaongezeka kwa asilimia 33. Nguvu hiyo hugeuka joto. Kwa sababu hiyo, baada ya mwaka 2004 watengenezaji walipunguza mbio za gigahezi, wakazidisha viini ndani ya prosesa moja.

Prosesa nyingi za mpakato hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100 za Sentigredi ili zisiungue. Tuseme kila wati moja hupandisha joto la prosesa kwa nyuzi 2 juu ya joto la chumba. Katika chumba cha nyuzi 20, prosesa inaweza kutumia wati 40. Katika chumba cha nyuzi 32, wati 34 tu. Vumbi likiziba feni hata kila wati ipandishe nyuzi 3, zitabaki wati 23 hivi.

Kuongeza ufanisi

Katika mpakato nyingi za sasa, prosesa imechomelewa kwenye ubao wa saketi, hivyo haibadilishwi kwa urahisi. Yafaa kufanya haya:

1. Zima kompyuta, tenganisha betri, kisha safisha feni na mapezi ya kupoozea.
2. Badilisha pesti ya kupitishia joto iliyokauka.
3. Pale mtengenezaji anaporuhusu, punguza volteji kidogo kidogo, ukijaribu kila hatua. Ikizidi kupungua, kompyuta itakwama.

Tulipozifungua kompyuta za mwalimu yule, feni zote zilikuwa zimejaa vumbi. Baada ya kusafishwa, nane zilidumisha kasi yao hadi jioni; mbili tu ndizo zilizohitaji kubadilishwa. Fedha zilizobaki zilinunua vifaa vya maabara.

Zoezi

Volteji ikipunguzwa kwa asilimia 10 bila kubadili mapigo, nguvu itapungua kwa asilimia ngapi? Kisha pimeni kwa saa muda wa programu moja ileile asubuhi na mchana, mchore grafu, na mweleze tofauti mtakayoiona.