Kurusha Mubashara na Kurekodi kwa Wakati Mmoja: Namna ya Kubaini Chanzo cha Hitilafu

Mikutano ya hadhara, ibada, mahafali na sherehe nyingi sasa hurushwa mubashara kwa kompyuta mpakato yenye programu ya bure ya OBS Studio. Wahusika hutaka mambo mawili kwa pamoja: matangazo yawafikie walio mbali, na rekodi ibaki kama kumbukumbu. Matangazo yakikwama, mtazamaji hukosa dakika chache. Rekodi ikiharibika, kilichosemwa mkutanoni hakiwezi kusikilizwa tena. Makala hii inaeleza namna ya kutambua chanzo cha hitilafu kabla ya kubadilisha mpangilio wowote.

Kazi ya enkoda

Enkoda ndiyo inayobana picha za kamera. Video ya ukubwa wa 1280 kwa 720, yenye fremu 30 kwa sekunde, huzidi megabiti 300 kwa sekunde kabla ya kubanwa. Baada ya kubanwa hutosha kilobiti 2,500 hadi 4,000. Katika OBS, enkoda moja inaweza kuhudumia matangazo na rekodi kwa pamoja, au kila kimoja kikapewa enkoda yake. Njia ya kwanza huipunguzia kompyuta mzigo. Njia ya pili huongeza mzigo, lakini huruhusu rekodi iwe na ubora wa juu kuliko matangazo.

Hatua ya kwanza: fungua rekodi

Ikiwa watazamaji wamelalamika kuwa picha inakwama, rekodi itazamwe kwanza. Rekodi ikiwa safi, kosa liko kwenye mtandao, kwa kuwa fremu zilizopotea njiani haziondolewi kwenye diski. Rekodi nayo ikiwa inarukaruka, kosa liko ndani ya kompyuta. Dirisha la takwimu la OBS huthibitisha jambo hilo, kwani huhesabu kando fremu zilizopotezwa na mtandao, zilizorukwa na enkoda iliyoelemewa, na zilizokosekana kwa sababu kadi ya picha imezidiwa.

Mtandao ukiwa chanzo

Ipimwe kasi ya kupakia, si ya kupakua. Kiwango cha biti kisizidi takribani robo tatu ya kasi hiyo. Penye megabiti 3, kilobiti 2,000 zinafaa. Kwa YouTube, fremu kuu iwekwe kila baada ya sekunde 2. Ikumbukwe kuwa enkoda ikiwa moja, kushusha kiwango cha biti hushusha pia ubora wa rekodi.

Kompyuta ikiwa chanzo

Programu nyingine zifungwe, na ukubwa wa picha upunguzwe kutoka 1080 hadi 720. Enkoda ya x264, ambayo hutumia prosesa, ichaguliwe mpangilio wa kasi zaidi, au kazi ihamishiwe kwenye enkoda ya kadi ya picha kama NVENC au Quick Sync, iwapo kompyuta inayo. Kompyuta dhaifu isipewe enkoda mbili.

Kulinda rekodi

Umeme ukikatika, faili la kawaida la MP4 ambalo halijafungwa huweza kukataa kufunguka kabisa. Faili la MKV hubaki likisomeka hadi pale lilipokatikia, na OBS inaweza kuligeuza kuwa MP4 baadaye bila kupunguza ubora. Flashi yenye mfumo wa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, hivyo mkutano mrefu unaweza kukatwa katikati.

Saa mbili kwa kilobiti 2,500, pamoja na sauti, huchukua takribani GB 2.4 za bando, na nafasi kama hiyo kwenye diski. Wanaoandaa matangazo wanashauriwa kuhakikisha vyote viwili vinatosha, kisha kufanya jaribio la dakika 10 mahali penyewe siku moja kabla, na kuitazama rekodi yake yote kabla ya shughuli kuanza.