Dondoo muhimu: Vioo vya pembeni vya Hiace

Hiace ikijaa abiria au mizigo, kioo cha ndani hakina msaada. Dereva hutegemea vya pembeni.

1. Weka kiti sawa kwanza, ndipo uguse vioo.
2. Ubavu wa gari uonekane kwa ukanda mwembamba tu. Wengi huuacha ujaze nusu ya kioo, na bodaboda aliye kushoto hawamwoni kabisa.
3. Chagua kioo kilichobinuka kwa upande wa abiria: huonyesha eneo pana. Lakini gari la nyuma huonekana mbali kuliko lilivyo, hivyo geuza shingo kabla ya kuhama njia.
4. Ukipakia mzigo mzito, nyuma hushuka na vioo huonyesha lami, virekebishe upya.
5. Kioo kinacholegea kikaze leo.