MCHEZO WA KINYUME NA MIZANI YA SHAIRI

Wazazi na walimu wengi humwambia mtoto atunge shairi, kisha hustaajabu akikaa kimya na kalamu mkononi. Si mjinga. Ameelezwa habari za mizani na vina kana kwamba ni sheria za baraza, naye anaogopa kushtakiwa. Yafaa tuanzie pale alipo yeye, yaani mchezoni.

Watoto wa Waswahili wana mchezo wa zamani uitwao kinyume. Silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mbele: chakula huwa lachaku, na nyumba huwa mbanyu. Huutumia kwa siri zao, ili wakubwa wasifahamu. Lakini angalia, msomaji: hakuna awezaye kusema kinyume asiyejua silabi moja inakoma wapi na ya pili inaanzia wapi. Na silabi hizo ndizo mizani. Basi mtoto huyo amekwisha kujifunza nusu ya kazi, wala hakuna aliyemchapa.

Jioni moja jaribuni jambo hili nyumbani. Kila mmoja ataje kitu, akipiga kofi kwa kila silabi. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi. Mtu pia ni mawili, m-tu, kwa kuwa m hiyo husimama peke yake. Hapa hata watu wazima hubishana. Kisha tafuteni maneno yatimizayo makofi manane. Shairi tulizoealo huwa na mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari una mizani 16, yaani nane na nane. Kina kimoja hukaa katikati na kingine mwishoni. Kwa mwanzo nusu ya ubeti yatosha, kama hivi:

Kuku wetu ametaga, mayai ndani ya kapu,
Mama naye akaaga, kaja nyoka, kapu tupu.

Ni hasara ya mayai tu. Lakini kwa mtoto hiyo ni habari kubwa, hasa ikiwa yeye ndiye aliyesingiziwa kuyala! Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga juu ya vita vya mji wake, na vilevile juu ya mapenzi na mambo ya kila siku.

Mimi nilipokuwa shuleni nilitunga beti tatu juu ya ugonjwa wa baba yangu. Mwalimu alinirudishia daftari limejaa wino mwekundu: hapa mizani 15, pale kina kimepotea. Habari za baba hakuuliza. Sikutunga tena kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mtoto akileta ubeti wake, hata wenye kasoro, hata wa yule ambaye Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao, muulizeni kwanza: "Nyoka huyo ulimwona mwenyewe?" Mwacheni asimulie. Akiisha, pigeni makofi pamoja naye, naye atasikia kwa masikio yake palipopungua.