MWINDAJI ASIYEONEKANA: TUJIFUNZE KUMTAMBUA UTITIRI RAFIKI WA MIHOGO NA NAZI



Somo letu la elimu ya viumbe linahusu mnyama mdogo mno. Ukimweka juu ya nukta iliyo mwisho wa sentensi hii, ataenea humo bila taabu. Pamoja na udogo wake huo, yeye ni mwindaji: ana miguu minane, ana meno ya kushikia, na kazi yake ni kuwala wanaoharibu mimea yetu.

Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Magomeni, ambao wengi wetu hatuna hata jembe ndani ya nyumba, jambo hili linatuhusu nini? Jibu lipo kwenye sinia. Muhogo wa futari, kisamvu, tui la wali na la maharage, vyote tunavinunua sokoni, Magomeni au Kariakoo, navyo vinatoka Mkuranga, Kisarawe, Bagamoyo, Rufiji na kwingineko. Kabla ya kufika sokoni vimepita katika vita ambavyo sisi hatukuviona. Mlinzi wao akishinda, chakula hupatikana. Akiuliwa kwa kutojua, mkulima hupoteza, na bei tunailipa sisi.

1. UTITIRI NI NANI?

Watu wengi humwita kila kiumbe mdogo "mdudu". Katika elimu ya viumbe, mdudu ni yule mwenye miguu sita, kama siafu, nzi na nyuki. Utitiri si mdudu. Yeye ni katika kundi la araknida pamoja na buibui, nge, kupe na papasi, ambao wakikua huwa na miguu minane. Tofauti yake na buibui ni kwamba buibui ana kiuno kinachogawa mwili sehemu mbili, lakini mwili wa utitiri ni kipande kimoja.

Hapa panataka uangalifu. Neno letu "utitiri" limebeba watu wengi. Yuko utitiri wa kuku, yuko utitiri anayefyonza majani, na yuko utitiri anayemla huyo anayefyonza majani. Jina ni moja, kazi ni mbalimbali. Mkulima akiambiwa tu "shamba lako lina utitiri", hajaambiwa bado kama ana adui au ana mlinzi. Ndiyo maana wataalamu hawakutosheka na jina hilo, wakaanza kuainisha.

2. KUAINISHA

Kuainisha ni kupanga viumbe katika makundi kwa kufuata yale wanayoshirikiana. Utitiri wawindaji wanaoishi juu ya mimea wengi wao wamo katika familia iitwayo Phytoseiidae. Sisi tutawaita fitoseidi. Hadi sasa zaidi ya spishi 2,400 za familia hii zimekwisha kupewa majina duniani. Familia hiyo imegawanywa katika familia ndogo tatu: Amblyseiinae, Phytoseiinae na Typhlodrominae.

Iko pia njia ya pili ya kuwapanga, nayo ni kwa riziki zao. Mwaka 1997 wataalamu McMurtry na Croft waliwagawa fitoseidi katika makundi manne kwa kuangalia wanakula nini. Mwanzo wa orodha wapo wachaguzi, kama wale wa jenasi Phytoseiulus, ambao tegemeo lao ni utitiri wanaofuma utando. Mwisho wa orodha wapo wale wa jenasi Euseius, ambao huwinda, lakini pia hustawi sana kwa chavua ya maua. Mpango huu una faida kubwa. Anayetegemea windo la aina moja hufanya kazi kwa haraka, lakini windo likiisha naye hufa njaa au huhama. Anayeweza kula na chavua hubaki mahali pake akisubiri.

3. KUMTAMBUA KWA LENZI

Chukua jani la muhogo, bamia au biringanya lenye madoadoa ya njano, uligeuze upande wa chini. Tumia lenzi ya kukuza mara kumi. Kisha fuata hatua hizi, ambazo wataalamu huziita ufunguo wa utambuzi:

(a) Hesabu miguu. Ikiwa ni sita, huenda ni mdudu. Lakini usiharakishe, maana mtoto wa utitiri aliyetoka katika yai karibuni huwa na miguu sita pia. Tafuta mkubwa wake.

(b) Ikiwa ni minane na mwili hauna kiuno, huyo ni utitiri.

(c) Tazama mwendo. Utitiri mfyonza majani huenda polepole au hutulia kwa makundi, na baadhi yao hufuma utando. Fitoseidi hutembea peke yake, na ukimgusa hukimbia kwa kasi.

(d) Tazama umbo. Fitoseidi ana mwili unaong'aa, wenye umbo la tone la maji, na miguu ya mbele huinyoosha kama mtu anayepapasa gizani. Na kwa hakika anapapasa, kwani hana macho. Hufuata harufu. Mmea unaposhambuliwa hutoa harufu maalumu, na mwindaji huifuata mpaka kwa adui. Utitiri anayefuma utando, yeye ana vidoa vyekundu vya macho.

(e) Tazama mayai. Ya mfyonza majani anayefuma utando ni mviringo kama shanga. Ya fitoseidi ni marefu kidogo kama yai la kuku, nayo ni makubwa zaidi.

Rangi msiitegemee. Mwili wa fitoseidi hupitisha mwanga, hivyo akila windo jekundu naye huonekana mwekundu. Wengi wamemuua mlinzi kwa sababu ya rangi ya chakula kilichomo tumboni mwake.

4. KUMTAMBUA MAABARA

Lenzi hutufikisha kwenye familia. Kumjua kwa jina lake kamili kunataka hadubini. Mtaalamu huchukua jike aliyekomaa, humweka katika asidi ya laktiki mpaka mwili uwe mwangavu, kisha humlaza juu ya kipande cha kioo katika dawa ya kumhifadhi na kumfunika kwa kioo chembamba.

Baada ya hapo huhesabu vinyweleo vya mgongoni. Kila kinyweleo kina mahali pake na kina jina lake: herufi j, z, s na r, pamoja na namba. Herufi ndogo ni kwa vinyweleo vya nusu ya mbele, na herufi kubwa ni kwa vya nusu ya nyuma. Kwa mfano, walio katika Amblyseiinae hawana vinyweleo z3 na s6. Hivyo mtaalamu huangalia kilichopo na kisichopo pia. Halafu hupima urefu wa kila kinyweleo, hutazama ngao ya tumboni, meno ya kushikia windo, vinyweleo virefu vya mguu wa nne, na umbo la kifuko ambamo jike huhifadhi mbegu za dume. Mara nyingi spishi mbili zinazofanana kwa kila kitu hutofautiana katika kifuko hicho tu.

5. JINA LILIVYOOKOA MIHOGO

Sasa tuone kwa nini taabu yote hii.

Utitiri wa kijani wa mihogo, Mononychellus tanajoa, asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1971 alionekana Uganda, na katika miaka iliyofuata akaenea Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, kisha katika ukanda wote wa mihogo wa bara letu. Hufyonza majani machanga; yakadumaa, yakawa na madoa ya njano, na wakati wa kiangazi yakaanguka hadi kilele cha mmea kikabaki kama kinara cha mshumaa. Kisamvu kikakosekana na mizizi ikawa midogo.

Dawa za sumu hazikuwa jibu kwa mkulima mdogo. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, ikatafuta maadui wa asili kule alikotoka. Kati ya mwaka 1984 na 1988 fitoseidi zaidi ya milioni 5, wa spishi saba kutoka Kolombia, waliachiliwa katika nchi 10 za Afrika. Hakuna hata spishi moja iliyodumu. Ukame uliwashinda, na windo lilipopungua hawakuwa na chakula kingine.

Watafiti wakahamia kaskazini mashariki mwa Brazili, ambako hali ya hewa inafanana zaidi na ya kwetu. Huko ndiko ilikodhihiri thamani ya utambuzi. Mwindaji mmoja wa mihogo alikuwa akihesabiwa kuwa ni limonicus. Vipimo makini vilionyesha kuwa limonicus si mmoja, bali ni kundi la spishi zinazofanana, na mwaka 1994 huyu wa mihogo akatangazwa kwa jina lake mwenyewe, manihoti. Mwingine ni Typhlodromalus aripo, aliyeachiliwa kwa mara ya kwanza Benin mwaka 1993. Huyu ndiye aliyefanikiwa kuliko wote, akaenea katika nchi takribani 20 za Afrika, na ya kwetu ni mojawapo.

Siri ya aripo ni makazi yake. Mchana hujificha katika kilele cha mmea, kati ya majani ambayo hayajafunguka. Usiku hushuka kwenye majani kuwinda. Windo likipungua hula chavua, kama ile ya mahindi inayopeperushwa na upepo. Tena hupenda zaidi mihogo yenye kilele chenye manyoya. Katika majaribio ya Benin, mashamba yenye aripo yalizaa zaidi kwa kiasi cha theluthi moja. Mkulima hakununua kitu wala hakupiga bomba.

6. NAZI NA SWALI LILILOBAKI

Ama kuhusu nazi, adui ni Aceria guerreronis, aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965 kutokana na nazi za jimbo la Guerrero, Meksiko. Huyu ni utitiri wa ajabu: ana umbo la mnyoo na miguu minne tu. Hukaa chini ya vigamba vilivyofunika kichwa cha nazi changa. Alama yake mnaweza kuiona hata sokoni: nazi yenye makovu ya kahawia yaliyopasuka kuanzia kichwani, ndogo, iliyopinda, na ngumu kufuliwa. Vidaka vingi hupukutika kabla ya kuwa madafu.

Sumu ya kupuliza haimfikii kirahisi huko alikojificha. Anayemfikia ni fitoseidi wa jenasi Neoseiulus, ambaye mwili wake ni bapa na mrefu. Uchunguzi uliofanyika Benin na Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2011, ulikuta chini ya vigamba hivyo spishi tatu za jenasi hiyo: baraki, neobaraki na paspalivorus. Zinafanana mno, na bila hadubini huwezi kuzitenganisha.

Lakini hata hadubini ina mpaka wake. Mwaka 2012 watafiti walieleza majaribio waliyofanya kwa utitiri walioitwa baraki kutoka nchi mbalimbali, zikiwemo Benin na Brazili. Walipowapandisha wa nchi moja na wa nchi nyingine, walikuta kizuizi cha uzazi kati yao. Basi huenda jina moja limebeba spishi zaidi ya moja, na anayetaka kumhamisha mwindaji kutoka nchi moja kwenda nyingine hana budi kuthibitisha kwanza ni nani aliyemo kwenye chupa yake.

Kwetu sisi elimu hii haiko mbali. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni, ambacho leo ni TARI Mikocheni, kimeshughulikia minazi kwa miongo mingi, nacho kimo mumu humu Dar es Salaam. Mwanafunzi anayependa biolojia ajue kwamba wenye ujuzi wa kutambua utitiri ni wachache, na milango haijafungwa kwake.

HITIMISHO

Kwa mukhtasari: usihukumu kabla ya kutambua. Anayepuliza sumu kwa kuona tu "kuna vidudu", mara nyingi humuua mlinzi kwanza, na mfyonza majani hurudi kwa wingi zaidi kwa kuwa hakuna wa kumzuia. Wenye vibustani vya bamia au mchicha, watazame chini ya jani kwa lenzi kabla ya kwenda kwenye duka la dawa. Na jamaa zetu walioko mashambani tuwapelekee habari hii tunapokwenda kuwatembelea.

Tunamuomba Allah atuzidishie elimu yenye manufaa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini utitiri hahesabiwi kuwa mdudu?
2. Taja tofauti tatu kati ya fitoseidi na utitiri anayefuma utando.
3. Kwa nini rangi si alama ya kutegemewa?
4. Eleza sababu mbili zilizofanya spishi za Kolombia zisidumu Afrika.
5. Ni tabia zipi za aripo zilizomwezesha kubaki shambani hata windo linapopungua?
6. Nenda sokoni na mzazi wako, mtazame nazi kumi za fungu moja. Ngapi zina makovu ya kahawia kichwani? Andika jibu, ulilete darasani.