Taa Kuwaka Hakutoshi: Mwongozo wa Usalama wa Stima kwa Wakazi wa Kaloleni

Katika mitaa mingi ya Eastlands, fundi wa stima hulipwa pindi taa inapowaka. Mwenye nyumba hubonyeza swichi, hujaribu soketi kwa chaja ya simu, kisha hutoa pesa. Hata hivyo, taa huwaka vizuri tu hata pale waya wa ardhi haujaunganishwa, fyuzi si ya kipimo kinachofaa, au ukuta wa mabati umeanza kushika umeme. Makala haya yanaeleza mambo matatu yanayomlinda mkazi dhidi ya moto na kupigwa na stima, kazi ambayo sheria inamtaka fundi aifanye kabla ya kuondoka, na karatasi ambayo mkazi ana haki ya kuidai.

Nyumba za zamani, mzigo mpya

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba za ghorofa ya chini zenye bustani, zikiwa karibu na ukumbi wa jamii na Barabara ya Jogoo. Wakati huo hakuna aliyefikiria birika la umeme, shawa ya kupasha maji moto papo hapo, friji na televisheni katika kila chumba. Tangu hapo vyumba vingi vimeongezwa kwenye bustani, vingi vikiwa vya mabati, na aghalabu vinavuta umeme kutoka kwa mita moja ya nyumba kubwa.

Waya unaoingia katika chumba cha kwanza cha nyongeza huendelezwa hadi cha pili, cha tatu na cha nne. Kila fundi anayekuja huongeza kipande chake bila kuhesabu kilichotangulia. Hapo ndipo hatari huanza.

Kinga ya kwanza: unene wa waya

Waya ni kama mfereji: ukipitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake, unapata joto. Kwa kawaida, waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, na shawa ya maji moto huhitaji waya wake yenyewe, mara nyingi wa milimita mraba 6, unaotoka moja kwa moja kwenye sanduku la fyuzi.

Hesabu yake ni rahisi. Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Jumlisha wati za vifaa vinavyoweza kutumika kwa wakati mmoja, kisha gawanya kwa 240, ambayo ni volti ya umeme wa nyumbani nchini Kenya. Jibu ni ampea.

Chukua mfano wa vyumba vinne vinavyotegemea waya mmoja wa milimita mraba 2.5 saa kumi na mbili asubuhi. Chumba kimoja kina koili ya kuchemsha maji ya wati 1,500. Cha pili kina birika la wati 2,000. Cha tatu kina pasi ya wati 1,000. Cha nne kina jiko dogo la umeme la wati 1,000. Taa na televisheni zote ziwe wati 500. Jumla ni wati 6,000, yaani ampea 25. Waya huo, ukiwa peke yake kutoka kwenye sanduku, hulindwa kwa fyuzi au breka ya ampea 20. Tayari umezidiwa.

Sasa mtu aongeze shawa ya wati 4,800 kwenye waya uleule. Jumla inafika wati 10,800, yaani ampea 45. Joto la waya haliongezeki sawasawa na ampea: ampea zikizidi maradufu, joto huzidi mara nne. Kwa ampea 45 badala ya 20, waya unatoa joto zaidi ya mara tano. Plastiki inayoufunika hulainika, kisha huungua. Kama waya umepita juu ya dari ya mbao au nyuma ya kadibodi iliyopigiliwa ukutani, moto huanza mahali ambapo hakuna anayeuona.

Kinga ya pili: fyuzi na breka

Fyuzi au breka huwekwa ili ikatike kabla waya haujaungua. Taa hupewa ampea 5 au 6. Soketi zilizo kwenye waya mmoja wa milimita mraba 2.5 hupewa 20. Shawa yenye waya wake mnene hupewa 30 au 32.

Fyuzi inayokatika kila jioni inatoa taarifa kwamba mzigo umezidi au kuna hitilafu. Dawa yake ni kupunguza vifaa au kuvuta waya mwingine kutoka kwenye sanduku. Kufunga kipande cha waya wa shaba, msumari au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi ni kuondoa kinga na kuuacha waya wenyewe uwe fyuzi. Vivyo hivyo, kubadilisha breka ya 20 kuwa ya 32 bila kubadilisha waya hakuongezi umeme salama hata kidogo.

Kebo za ekstensheni zinafuata hesabu ileile. Plagi yake ina fyuzi ya ampea 13, sawa na wati 3,120. Birika na pasi vinatosha kuijaza. Kuunganisha ekstensheni moja juu ya nyingine hakuongezi uwezo huo.

Kinga ya tatu: waya wa ardhi na RCD

Watu wengi huamini kwamba fyuzi itamwokoa mtu anayepigwa na stima. Haiwezi. Umeme wa takriban miliampea 10 unaweza kuikaza misuli ya mkono kiasi kwamba mtu hawezi kuachilia alichoshika. Ukifika miliampea 30 na kuendelea, pumzi na moyo viko hatarini. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, ambazo ni miliampea 13,000, zaidi ya mara 400 ya kiwango hicho. Mtu atakufa na fyuzi ikiwa nzima.

Kazi ya kumlinda binadamu ni ya vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, ule wa kijani na manjano, unaotoka kwenye kila soketi hadi kwenye nondo ya shaba iliyozikwa ardhini. Kifaa cha chuma kikishika umeme, waya huo unaupeleka umeme ardhini kwa wingi, na fyuzi inakatika kabla mtu hajakigusa. Cha pili ni kikata umeme ambacho mafundi hukiita RCD. Hupima umeme unaotoka na unaorudi. Tofauti ikifika miliampea 30, hukata stima kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kina kitufe cha majaribio chenye herufi T. Kibonyezwe walau mara mbili kwa mwaka. Kisipokata, fundi aitwe.

Kuna mazoea mawili yanayovunja kinga hii kila siku. La kwanza ni kutia kijiti au kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie. Tundu hilo ndilo la ardhi, na kifuniko cha ndani kimewekwa ili mtoto asiingize kitu penye umeme. La pili ni fundi kuuacha waya wa ardhi wa shawa ukining'inia kwa kuwa maji yanapata moto hata bila huo. Maji, mwili uliolowa na chuma kisicho na ardhi ni mkutano mbaya.

Vyumba vya mabati na kamba za nguo

Mabati yanahitaji uangalifu wa pekee. Ukingo wa bati hukata plastiki ya waya kidogo kidogo kila upepo unapovuma. Siku waya unapogusa bati, chumba kizima hushika umeme. Wakati wa ukavu huenda mtu akahisi mtekenyo tu. Mvua ikinyesha na sakafu kulowa, mtekenyo huo unaweza kuua.

Waya unaopita kwenye mabati unapaswa kuwa ndani ya paipu ya plastiki tangu unapoingia hadi unapotokea, na fundi aunganishe mabati na ardhi. Waya usitundikwe kwenye misumari wala kupita juu ya paa bila nguzo. Kamba ya kuanikia nguo iwe ya nailoni au ya katani. Waya wa chuma uliofungwa kwenye ukuta wa mabati unaweza kuleta umeme kutoka chumba cha jirani hadi mikononi mwa anayeanika nguo zilizolowa.

Mkazi akihisi mtekenyo kwenye bati, bomba, friji au mlango wa chuma, azime swichi kuu mara moja na kumwita fundi mwenye leseni. Asingoje upige kwa nguvu.

Nani anaruhusiwa kufanya kazi hii

Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, kazi ya kuweka nyaya za stima inasimamiwa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Fundi huandikishwa na kupewa cheti chenye daraja. Daraja C-2 ni la kazi ndogo za umeme wa fezi moja kama ule wa nyumba nyingi za Kaloleni. Madaraja ya juu ni ya umeme wa fezi tatu na majengo makubwa. Mkandarasi anayechukua kazi kwa malipo naye anahitaji leseni. Mkazi ana haki ya kuomba kuona cheti, kulinganisha jina na kitambulisho, na kuangalia kama muda wake haujaisha.

Laini inayoingia hadi kwenye mita, pamoja na mita yenyewe na lakiri zake, ni ya Kenya Power. Hakuna fundi wa mtaani anayeruhusiwa kuzigusa. Kuanzia mita kuingia ndani, jukumu ni la mwenye nyaya. Waya wa kuvuka kutoka kwa nguzo bila mita ni kosa kisheria, na hauna kinga yoyote kati ya hizo tatu.

Vipimo kabla ya stima kuwashwa

Fundi na mkaguzi makini hufuata mpangilio mmoja. Huanza kwa macho: unene wa waya, viungio, fyuzi, paipu, na kama soketi ziko mbali na maji. Kisha hupima stima ikiwa imezimwa. Huhakikisha waya wa ardhi umeunganika kutoka kila soketi hadi kwenye nondo. Hupima plastiki ya nyaya kwa mita maalumu ya volti 500. Kipimo kinachokubalika ni megaomu 1 au zaidi. Kikishuka chini ya hapo, umeme unavuja mahali fulani.

Halafu huangalia kama swichi zinakata waya wenye moto. Zikikata ule wa kurudisha umeme, balbu itazimika lakini kishikizo chake kitabaki na stima, na anayebadilisha balbu atapigwa akiamini amezima. Hatua ya mwisho hufanywa stima ikiwa imewashwa: kupima njia ya ardhi na muda ambao RCD inachukua kukata.

Matokeo yote huandikwa kwenye cheti chenye anwani ya nyumba, vipimo, tarehe, jina, nambari ya leseni na sahihi. Kenya Power hutaka cheti cha aina hii kabla ya kuunganisha mita mpya. Lakini vyumba vinavyoongezwa baadaye nyuma ya mita hiyohiyo havipiti dirisha hilo, na ndiyo sababu mkazi mwenyewe anapaswa kukidai. Cheti kilichotiwa sahihi bila mita ya kupimia kutolewa mfukoni ni karatasi tupu.

Nyaya pia huzeeka. Nchini Uingereza, tangu 2020, sheria inawataka wenye nyumba za kupangisha kukaguliwa nyaya walau kila baada ya miaka 5. Ni kipimo kizuri cha kuiga kwa nyumba za umri wa Kaloleni.

Wajibu wa mpangaji na wa kaunti

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo, ikiwemo usambazaji wa umeme, pamoja na huduma za zimamoto na kukabiliana na majanga. Ujenzi wa vyumba vya nyongeza unahitaji kibali cha kaunti. Mpangaji wa nyumba ya kaunti anayepangisha vyumba vya nyongeza amebeba usalama wa wanaolala humo. Anayepanga chumba naye aulize mambo matatu kabla ya kulipa: sanduku la fyuzi liko wapi, lina RCD, na cheti cha vipimo kiko wapi?

Njia kati ya vyumba ziachwe wazi ili gari la zimamoto na mipira ya maji vipite.

Mtu akipigwa na stima

1. Usimguse. Zima swichi kuu kwanza.
2. Kama swichi haifikiki, simama juu ya kitu kikavu na umsukume waya kwa mti mkavu. Waya wa nguzo ya Kenya Power ukianguka, kaa mbali na upige simu 97771.
3. Piga 999 au 112.
4. Kama hapumui, anza kubonyeza kifua chake kwa nguvu na kwa haraka hadi msaada ufike.
5. Moto wa stima usimwagiwe maji. Zima swichi kuu, tumia mchanga mkavu au kizima moto kinachofaa, na watu watoke nje.

Maswali ya kujipima

Je, jumla ya wati za vifaa vya nyumba ikigawanywa kwa 240 inazidi ampea zilizoandikwa kwenye breka? Je, kuna fyuzi iliyofungwa waya? Je, RCD ilikata ilipobonyezwa? Je, kuna waya unaogusa bati bila paipu? Je, cheti cha vipimo kipo, na kina nambari ya leseni?

Anayekosa jibu la kuridhisha kwa swali lolote kati ya haya aitishe ukaguzi kabla ya mvua kuanza.