Hewa Iliyo Ndani ya Maji

Fizi iko juu milimani. Baraka iko chini, kando ya ziwa Tanganyika. Usiku wa giza wavuvi wa Baraka huwasha taa na kuvua ndagala. Samaki hao hawatoki majini kamwe. Je, wanapata wapi pumzi?

Wanaipata ndani ya maji. Hewa huyeyuka majini, nasi hatuioni, kama vile hatuioni sukari iliyoyeyuka katika chai. Maji hupita katika mashavu ya samaki, nayo mashavu hutwaa ile sehemu ya hewa iitwayo oksijeni.

Fanya jaribio hili. Tia maji baridi katika sufuria, uiweke motoni, utazame. Kabla maji hayajachemka, mapovu madogo yanashika pande za sufuria. Hiyo ni hewa inayotoka majini.

Mbona inatoka? Maji yamefanyika kwa chembe ndogo mno, zinazoshikana zenyewe kwa nguvu. Chembe za sukari hushikwa vizuri na maji. Chembe za oksijeni hushikwa kidogo tu. Joto likizidi, chembe zote huenda mbio, na zile za oksijeni hutoroka. Kwa hiyo maji ya moto huyeyusha sukari nyingi zaidi, lakini hewa kidogo zaidi.

Tazama hesabu hii. Kando ya bahari, lita 1 ya maji yenye joto la digrii 5 huchukua miligramu 13 hivi za oksijeni. Maji ya digrii 25 huchukua miligramu 8 hivi tu. Lakini lita 1 ya hewa tunayovuta ina oksijeni zaidi ya mara 30 kuliko maji hayo. Basi samaki ni maskini wa pumzi.

Sasa turudi ziwani. Maji ya juu yana joto la digrii 25 au zaidi; ya chini kabisa yana digrii 23 na kitu. Maji ya joto ni mepesi. Hukaa juu ya yale mazito kama mafuta juu ya mchuzi, wala hayachanganyiki nayo upesi. Oksijeni huingia kwa juu, kutoka hewani na kutoka mimea midogo ya majini. Huko chini vitu vilivyokufa huoza na kuimaliza. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini upande wa kaskazini oksijeni hufika mita 100 hivi tu. Chini ya hapo samaki hawawezi kuishi.

Wakati wa kiangazi upepo mkali wa kusini hukoroga maji. Hupeleka oksijeni chini kidogo, na kupandisha mbolea inayolisha mimea midogo. Wadudu wadogo wa majini hula mimea hiyo, na ndagala hula wadudu hao. Mwaka 2003 wataalamu walionyesha kwamba ziwa limezidi joto tangu miaka 100 hivi. Maji ya juu yakizidi joto, upepo hushindwa kuyakoroga. Mbolea hubaki chini, chakula cha samaki hupungua, na nyavu za wavuvi hurudi nyepesi.

Maswali
1. Mapovu ya kwanza katika sufuria ni kitu gani?
2. Sukari na hewa hutofautianaje katika maji ya moto?
3. Kwa nini hakuna samaki katika vilindi vya ziwa?
4. Maji yamechemshwa, yakapoa katika chupa iliyozibwa. Samaki akitiwa humo atapatwa na nini? Eleza sababu.